Kila mmoja na wembe wake

Huku Mishamo mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara ikiharibika, dukani huadimika hata vitu vidogo. Ndiyo maana kila Oktoba, pamoja na chumvi, sabuni na kiberiti, nanunua nyembe za kututosha hadi mvua ziishe.

Nyumbani tunaonyoa ndevu ni watatu: baba yangu mzazi, mimi na kijana wangu wa kidato cha tatu. Kila mmoja ana mashine yake ya chuma inayobadilishwa wembe, imefungwa uzi wa rangi yake. Mzee aliniuliza kwa nini natupa fedha, wakati zamani wembe mmoja ulinyoa ukoo mzima. Nikamwambia, "Baba, homa ya ini haisubiri damu ionekane." Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo yake mwaka 2002. Sisi wakubwa hatukuipata utotoni. Mzee alinyamaza, kisha akachagua uzi mwekundu.

Nyembe zilizochakaa tunazitumbukiza kwenye kopo lenye tundu kifunikoni, mbali na vidole vya wadogo. Kopo likijaa, linakwenda shimo la choo.

Mzazi mwenzangu, kabla barabara haijakatika, hesabu ndevu za nyumbani kwako, na vichwa vya watoto unaowanyoa mwenyewe. Nunua nyembe kwa hesabu hiyo.