Weupe wa Kanzu Mbili

Kanzu mbili nyeupe zimeanikwa kambani. Je, zinashiriki weupe mmoja, au kila moja ina wake? Plato alishikilia kuwa weupe ni mmoja, nao uko nje ya vitu vyeupe. Aristotle akaurejesha ndani ya vitu. Mwaka 1953, Mmarekani D. C. Williams alitetea rai kwamba kila kanzu ina weupe wake, unaofanana tu na wa mwenzake.

Sarufi ya Kiswahili haiamui kesi hii. Kiambishi u- huzaa wema na utu, nomino zisizo na wingi, kana kwamba sifa ni moja. Hata hivyo, msemaji husema "weupe wa kanzu hii" bila kusita.

Kwa mhakiki, suala hili si mchezo wa maneno. Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, waliokana kwamba ule ni ushairi walichukulia kuwa ushairi ni sifa moja, nayo hukaa katika vina na mizani. Naye anayeshikilia kwamba kila shairi lina ushairi wake hana budi kueleza ni mfanano upi unaoyapa yote jina moja. Jibu hilo bado linadaiwa.