Kariakoo, anakotibiwa kitufe cha A

Kutoka Mahakama ya Kisutu hadi Kariakoo si mbali, lakini mwenye mashine ya kuchapa kwapani huihisi kila hatua. Anavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, anakatiza Mnazi Mmoja, anavuka Lumumba, na hapo honi, mikokoteni na wamachinga humpokea kwa pamoja. Uwanja wa Mnazi Mmoja wakoloni waliuacha wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika na Uhindini, wakitaja afya kuwa sababu. Leo ni njia ya mkato ya mama mwenye steshenari anayekimbiza kibodi kwa fundi. Mashine ikilala siku mbili bila kazi, hela ya mboga nyumbani inayumba.

Mafundi wamejibanza kwenye vibaraza vya Mtaa wa Aggrey na jirani zake, katikati ya maduka ya simu. Meza ni ndogo: mita, brashi, chupa ya spiriti, chuma cha kulehemu. Fundi mwenye haraka atasema, "Imekufa, nunua nyingine." Fundi mzuri huanza na maswali, kama daktari. Ilianza lini? Kuna chai iliyomwagika? Ni herufi moja au kadhaa?

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo hubeba uzito. Chini ya vitufe kuna mistari myembamba ya umeme inayopishana kama nyuzi za mkeka, na kila kitufe kimekaa pale mistari miwili inapokutana. Herufi moja ikigoma, mara nyingi ni uchafu au mpira uliochakaa. Zikigoma kadhaa kwa mpigo, mstari mmoja umekatika au waya bapa umelegea. Ukibonyeza moja zikatoka mbili, huenda kimiminika kimeunganisha mistari.

Taipureta ya umeme ina mtego wake. Herufi huchapwa na gurudumu lenye vijiti kama petali za ua. Kijiti cha M kikivunjika, M haitokei hata kama kitufe chake ni kizima. Ukibonyeza na mashine ikasogea bila kuchapa, basi kibodi imetuma ujumbe, na shida itafutwe kwenye gurudumu au utepe.

Halafu kuna A. Kiswahili huitumia kuliko herufi nyingine yoyote, hivyo ndiyo hubeba kazi nzito kuliko zote. Kwenye kibodi ambazo kila kitufe kina mpira wake, fundi hung'oa mpira wa Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakina, akauhamishia kwenye A. Ni ujanja wa bei nafuu, na unafanya kazi.

Sasa, mzazi, kama umekuja na mtoto, usimkalishe mezani hapo. Lehemu nyingi zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Moshi unaopanda unatoka zaidi kwenye dawa ya kulehemia, nao huchokoza kifua, hasa cha mwenye pumu. Vumbi na vipande vya risasi hubaki mezani na mikononi, kisha hufika mdomoni kwa andazi. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula, ya fundi pia.

Nyumbani, chai ikimwagikia kompyuta ya mtoto, izime na uchomoe umeme papo hapo, igeuze kifudifudi, iende kwa fundi siku hiyohiyo. Kuiwasha "kujaribu tu" ndiko huiunguza. Sukari ikikauka, kazi huongezeka.

Kabla ya kulipa, mteja huchapa jina lake, likitokea huridhika. Asha akiliona "Asha" hakuna alichopima zaidi ya herufi tatu. Barua za Kiingereza nazo hufika steshenari, kwa hiyo bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, na Q iliyotoa mpira wake ianze.