Watu wa Mawe

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Nkuhungu

Tripu ya pili ya mawe ya msingi imeshuka saa nne asubuhi. Fuso limemwaga katikati ya uwanja, kuku wote wakahamia kwa jirani. Mvua zilizopita maji yalituama mpaka kizingitini, kwa hiyo safari hii msingi unapanda kozi mbili zaidi. Mpwa wangu hajainua jiwe hata moja. Amekaa juu ya lililo kubwa kuliko yote na daftari lake, anatunga kabila la watu wa mawe. Hawali, hawaugui, hawafi. Wana mfalme na jeshi.

"Mama mdogo, niwape silaha gani?"

Nimemwambia awape kwanza wakwe. Kacheka, kadhani natania.

Jumapili, 6 Oktoba

Umeme ulikatika, nikamhadithia Luanda Magere wa Wajaluo, kama nilivyohadithiwa chuoni na mwenzangu wa Musoma. Shujaa mwenye mwili wa jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka. Maadui zake, Walang'o, wakashindwa vita wakampa mke. Siku moja akaugua, akamwagiza yule mke amchanje dawa. Wembe ukateleza kwenye ngozi. Akamwambia: chanja kivuli changu. Kivuli kikatoka damu. Usiku ule mke akarudi kwao na siri. Vita vilivyofuata wakachoma mkuki kivulini, na mwili ukabaki jiwe tupu.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kosa lilikuwa la mke. Mie naona vingine. Yule binti alitolewa na wazee wake kama mbuzi, nani alimuuliza? Ila ninachokipenda ni kwamba waliotunga hadithi hawakumwacha mtu wa jiwe bila homa. Hata lile jabali la Kit Mikayi, kule Seme karibu na Kisumu, jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenzetu wameyapa mawe ndoa, sisi tunayajua kwa bei ya tripu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mzee anayetupasulia mawe ni Mgogo wa hapa hapa. Wakati wa chai kijana kamuuliza kama mawe yana mfalme. Mzee hakucheka. Kasema zamani mtemi alikuwa mtemi kwa sababu ya mawe ya mvula aliyorithi kwa ukoo wake, na kila nchi ilikuwa na yake. Mvua ikigoma, watu walimwendea yeye.

"Kwa hiyo mawe ndiyo yalitawala?"

"Mawe yalikuwa na mtu wa kuyatunza," kajibu, akarudi kwenye nyundo.

Alimwonyesha mshipa wa jiwe. Ukiukosa, unachosha mkono bure. Jabali kubwa huwashiwa moto juu yake, kisha humwagiwa maji ya baridi, linapasuka lenyewe. Jua la Dodoma na baridi ya usiku wa Juni hufanya kazi ile ile polepole, mwamba unamenyuka maganda kama kitunguu. Wanajiolojia wanasema miamba ya uwanda huu wa kati imepita miaka bilioni 2.5, na kumbe haijaacha kuzeeka. Jioni nimechungulia daftari: "hawafi" imekatwa. Sasa wazee wao ndio wembamba, na mchanga wa korongoni ni makaburi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Tumekwenda Kolo, mbele ya Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni. Mlima umenimaliza magoti. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Watu wa rangi nyekundu, warefu kama fito, vichwa vikubwa. Hakuna mfalme hapo. Pango la Mongomi wa Kolo bado lina wenyewe: Warangi hupeleka sadaka kuomba mvua na uponyaji, na mwongoza wageni alitaja hilo kwa sauti ya chini, kama mtu aliye nyumbani kwa watu.

Kuna mchoro wa mtu aliyeshikwa mikono huku na huku. Leakey aliona anatekwa. Wengine wanaona ngoma ya tiba, simbo ya Wasandawe. Mpwa wangu kautazama wee, kisha:

"Mama mdogo, wanampeleka ukweni."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Msingi umekwisha. Daftarini mfalme kafutwa na jeshi limepungua. Kila ukoo unatunza jiwe moja jeusi la mvua. Mahari ni kivuli: bwana harusi husimama upande wa jua mbele ya mama mkwe msimu mzima wa kiangazi, kumkinga asije akapasuka. Akisogea, ndoa hakuna. Kivuli tena, na hajakiri kakitoa wapi.

Lile jiwe kubwa alilokuwa akikalia limemshinda mzee. Alitaka matairi alichome, nikakataa, moshi utaingia kwa jirani. Wanaume wanne wamelisukumia chini ya mwarobaini. Mpwa wangu analiita mama mkwe, na kuku wamerudi, wanalala juu yake.