Pima Mkono Kwanza

Nimefunga karakana yangu ya Nkubu mwaka huu, na kilichoifunga si uzee peke yake. Wateja wangu wakubwa walikuwa mabawabu. Kila duka, kila shule, kila kiwanda cha kahawa kilikuwa na mzee wa lango mwenye koti zito, rungu, upinde na podo la mishale. Siku hizi kampuni za ulinzi zinawapa watu wao redio na firimbi, na mwenye duka ametundika kamera. Anayekuja kuniuliza habari za upinde sasa ni kijana mwenye simu. Ananionyesha picha ya upinde wa vipande: kishikio cha aluminiamu katikati, mabawa mawili ya kufunga na kufungua, ncha zimejikunja kuelekea mbele. Halafu anauliza, "Mzee, huu unafaa kuwinda?"

Kuwinda nini, na wapi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumwachia mwanya mwindaji wa starehe wala wa kitoweo. Anayetaka kuwinda kwa upinde bila kukimbizana na askari wa wanyamapori wa KWS apande ndege aende Namibia au Afrika Kusini. Hapa nyumbani ni shabaha ya karatasi na mnyama wa sponji. Nayasema haya mapema kwa kuwa wauzaji hawayasemi.

Utoto wangu hauna hadithi ndefu. Kulikuwa na kahawa ya kuchuma, shule niliyoiacha mapema, na tumbili wa kufukuza kwenye mahindi karibu na mto Thingithu. Baba alipoona napenda kuchonga kuliko kulima, alinishusha Mitunguu, kwenye joto, kwa fundi wa pinde, Mtharaka mmoja. Nilikaa kwake mpaka ndevu zikaota.

Mzee yule hakuanza na mti hata siku moja. Mteja akifika, alimsimamisha wima, akamwekea kitako cha mshale usio na chembe kwenye mfupa wa kifua, akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja viubane. Vidole vilipoishia, aliweka alama kwa ukucha. Ndipo alipoingia ndani kuchagua ufito wa mkone. Mtu akija na pesa na haraka, akidai upinde mkali kuliko wa jirani, mzee alimuuliza kama huyo jirani ndiye atakayekuja kumvutia.

Wapo waliombishia kwa kumtajia Waata, wawindaji wa Tsavo. Ni kweli, pinde za Waata zilipopimwa zilipita ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45 za kuvuta. Lakini Mwaata alianza kuvuta akiwa mtoto, akaongezewa nguvu kadiri alivyokua, na mnyama wake alikuwa ndovu. Hata hivyo ndovu aliuawa na sumu ya msunguti iliyopakwa kwenye mshale. Kazi ya upinde ilikuwa kuifikisha ndani ya ngozi. Uwindaji ule ulivunjwa na msako wa David Sheldrick, mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na wenzake mwaka 1956 na 1957. Kijana wa Nkubu anayeshinda ameketi kwenye bodaboda ana nini cha kulinganisha na watu wale?

Baadaye nilipata kibarua Nairobi, kwenye uwanja wa walenga shabaha, nikitengeneza vifaa vyao. Huko ndiko nilikoujua upinde wa vipande, na sikuuona adui. Wachongaji wenzangu wa Meru na Embu waliniita msaliti, wakisema upinde unaofunguliwa kwa skrubu si upinde. Wao walikuwa hawajaona bawa likipasuka na mwenye upinde akanunua bawa tu, kishikio akabaki nacho. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alishindana kwa upinde wa aina hiyo.

Nilichogundua ni kwamba kipimo cha mzee wangu kimo ndani ya upinde huo, ila kimefichwa. Bawa huandikwa, tuseme, ratili 40. Watu husoma namba hiyo kama bei dukani, wakidhani haibadiliki. Namba hiyo ni ya mtu anayevuta inchi 28, na kwa kawaida ni juu ya kishikio cha inchi 25. Kujua mvuto wako, nyosha mikono kando, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68, ambazo hazifiki inchi 27. Kwa kila inchi inayopungua unapoteza ratili mbili hadi tatu. Ukiyahamishia mabawa yaleyale kwenye kishikio kifupi cha inchi 17, ambacho wawindaji hukipenda kwa sababu hakinasi vichakani, nguvu inapanda tena ratili kadhaa. Na upinde ukiwa mfupi, upote hukunja pembe kali na kubana vidole mwishoni mwa mvuto. Kwa mwenye mkono mrefu hilo ni adhabu.

Hapa ndipo nilipogombana na muuza vifaa mmoja wa Nairobi. Yeye aliwapa wanaoanza mabawa ya ratili 55, akisema mwili utazoea. Mwili hauzoei, unajifunza kudanganya. Bega linapanda, kidevu kinaufuata upote, mshale unaachiwa kabla haujafika shavuni. Mimi nilimweka mteja kwenye kiti, nikamwambia ainue miguu hewani, avute polepole bila kuelekeza upinde mbinguni, ashikilie. Akitetemeka, nilimshusha ratili tano, hata kama ni mwanajeshi. Muuzaji alisema nawatia wateja aibu.

Kwa hiyo, kijana, sikiliza. Pesa nyingi tia kwenye kishikio, na kiwe cha ule mfungo uliotoka kwa Hoyt wa Marekani, ambao watengenezaji wengi wanaufuata, ili bawa la kampuni nyingine likubali. Vile vya boliti ni rahisi, lakini mara nyingi vinakufunga kwa kampuni moja. Mabawa ya kwanza yawe ya bei nafuu na mepesi, maana utayaacha. Upote uvishe kwa kamba maalumu ya kuvishia, usipitishe upinde katikati ya mapaja kama tulivyofanya na mkone. Bawa la gundi na fibaglasi hupinda upande na halirudi. Kabla ya kulipa, simama nyuma ya upinde uliovishwa, uone kama upote unapita katikati ya mabawa yote mawili. Na usiuache ndani ya gari lililofungwa juani, gundi itaachia.

Muuzaji yule alinipigia simu juzijuzi. Ana mabawa ya ratili 55 yaliyorudishwa, akataka kujua kama Nkubu kuna wanunuzi. Nilimuuliza wale walioyarudisha walikuwa na mikono ya urefu gani. Akakata simu.