Ndugu wa Alizeti Walioko Horombo

Ukianza safari asubuhi katika lango la Marangu, siku ya kwanza utakayoiona ni ya msitu mtupu: ukungu, mbega juu ya miti, na matope yanayong'ang'ania viatu. Utalala Mandara. Siku ya pili msitu unakwisha, utatembea kutwa kati ya vichaka na nyasi, na jioni, wakati umeanza kujiuliza ni nani aliyekushauri kuja huku, utafika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo utakapoikuta miti ambayo mwanangu, nilipomwonyesha picha zake, aliiita kabichi zilizopanda juu ya nguzo.

Hakukosea sana. Shina ni nene, na kila ncha imebeba kichwa kimoja cha majani mapana. Wataalamu wanauita mti huu Dendrosenecio kilimanjari, nao ni wa ukoo mmoja na alizeti, ile ile inayotupatia mafuta ya kupikia. Majani yake yakikauka hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina. Mahali hapa mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, na majani hayo ndiyo kinga ya shina dhidi ya baridi.

Ukiwa na subira, hesabu matawi. Ncha ikishatoa maua hukoma kurefuka, na matawi mapya huchipuka pembeni yake. Basi mti ambao haujagawanyika hata mara moja haujapata kuchanua, ingawa pengine una umri mkubwa kuliko wewe uliyesimama mbele yake.

Mwaka 1995 wataalamu wawili, Eric Knox na Jeffrey Palmer, walichapisha matokeo ya kulinganisha chembe za urithi za miti ya jamii hii kutoka milima mirefu ya Afrika Mashariki. Waliona kwamba yaelekea ukoo wote ulianzia juu ya Kilimanjaro, ukafika Meru, Aberdare, Mlima Kenya, hata Ruwenzori na Virunga. Kwa mmea uliozoea baridi, mbuga za joto zilizo kati ya Kilimanjaro na Meru ni sawa na bahari. Mbegu chache zilizovuka zilikata undugu wa kila siku na zile zilizobaki. Leo Meru ina aina yake, Dendrosenecio meruensis. Na wala si lazima kuhama mlima: huku huku Kilimanjaro, chini kidogo karibu na ukingo wa juu wa msitu, ipo aina nyingine, Dendrosenecio johnstonii, isiyoishi kule juu Horombo.

Tofauti za namna hii hukomaa kwa sababu urithi wa mimea husafiri ndani ya mbegu na chavua, na chavua haina kazi ikiwa hakuna mwenzi aliyechanua siku hizo. Mfano mzuri nadhani ni ule wa lobelia wa Mlima Kenya. Aina mbili huishi karibu karibu. Lobelia keniensis, ndugu wa karibu wa lobelia utakayoiona Horombo, hupenda mabonde yenye unyevu. Huchanua, hupumzika miaka kadhaa, kisha vichwa vyake vingine huchanua tena. Lobelia telekii hukaa kwenye miteremko mikavu, hungoja miaka mingi, hutoa mkungu mmoja mrefu wa maua, kisha hufa. Waweza kuiona kama mfujaji, lakini penye ukavu mmea hauna hakika ya kuishi mpaka msimu mwingine wa maua, na kwa hiyo hutoa akiba yake yote kwa mara moja.

Ndiyo maana inatisha kusikia habari za moto. Mwezi Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua, na Oktoba 2022 ikaungua tena. Miti ya Horombo ikimalizika, mbegu za Meru haziwezi kuziba pengo, maana ile ni aina nyingine yenye urithi mwingine. Na hali ya hewa ikizidi kuwa ya joto, mimea iliyozoea baridi italazimika kupanda juu zaidi, ambako udongo unapungua na hatimaye ni mawe na barafu tu.

Asubuhi tulipokuwa tukifunga mizigo, kijana mmoja wa msafara wetu alinyoosha mkono kubandua jani kavu kwenye shina lililokuwa nyuma ya kibanda. Alitaka kuwashia jiko la chai. Mzee aliyetuongoza alimshika mkono taratibu.

"Acha, mwanangu. Hilo ndilo koti lake."

Kijana aliangalia juu na chini ya shina, akacheka kidogo, akaenda kuomba kiberiti na kipande cha gazeti. Gazeti nilikuwa nalo mimi.