Mwenzako akifariki, nywila za biashara ni za nani?

Tangu mwenzangu wa kazi afariki mwaka 2022, watu wenye biashara ndogo za kompyuta hapa Kisii wananiuliza swali moja: mliingiaje kwenye akaunti zake? Wengi wanatarajia niwape ujanja wa kuvunja nywila. Ujanja huo sina, na ningekuwa nao nisingewapa.

Sisi wawili tulikuwa na programu ya karo iliyotumiwa na shule 9, nyingine hapa Kisii, nyingine kwao Nyamira. Mimi niliandika programu, yeye alitafuta wateja na kulipa bili. Jina la tovuti lilikuwa lake, kupitia Gmail yake. Seva ililipwa kwa kadi yake ya benki. Akaunti ya kutumia wazazi ujumbe mfupi ilikuwa yake, na namba ya Lipa na M-Pesa pia. Zote hizo, ukitaka kuingia, hutuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini yake. Simu yenyewe ilikuwa kwenye mkoba wa shemeji, mjane wake, ikiita mchana kutwa kwa rambirambi.

Kilichokaribia kutumaliza ni ile kadi. Benki ikishajua mteja amefariki hufunga akaunti, na kampuni ya seva iliyo ng'ambo haijui matanga ni nini. Malipo yakikataliwa, seva huzimwa, na baada ya muda data hufutwa. Humo mlikuwa na rekodi za karo za shule zote 9, na muhula ulikuwa karibu kuanza! Bahati nzuri nilikuwa na ufunguo wangu mwenyewe wa SSH, kwa jina langu. Usiku ule ule nilinakili hifadhidata yote. Ukurasa wa malipo sikuugusa.

Huko matangani kijana mmoja, tena kijana mzuri tu, alijitolea kubahatisha PIN ya M-Pesa kwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wa marehemu. Nilimwomba aache. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamkataza asiye na idhini kugusa mali ya marehemu: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Halafu kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo kwake kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa hata kama hukuiba kitu. Na hebu fikiria wazee wa Nyamira wakisikia mtu wa mjini amechokora simu ya mtoto wao kabla hajazikwa!

Biashara yenyewe ilikuwa jina la biashara tu, alilolisajili kabla sijajiunga naye. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mwenyewe akifa, vilivyomo ni mirathi yake. Kwa hiyo aliyeweza kuniruhusu ni msimamizi wa mirathi peke yake.

Shemeji alichukua cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, akaenda mahakamani Nyamira. Njia ya kawaida ni ndefu: tangazo kwenye Gazeti Rasmi, kungoja siku 30, kisha uthibitisho ambao kwa kawaida huja baada ya miezi 6. Seva haingoji miezi 6. Lakini kifungu cha 67 kinatoa kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali tu, bila kuigawa, na hicho ndicho tulichoomba. Kwa karatasi hiyo jina la tovuti lilihamishwa, na bili ya seva ikapata kadi nyingine. Nywila zake hatuzijui mpaka leo.

Gmail hatukuiomba. Humo mna barua za mtu na mkewe. Wakongwe wa intaneti mtakumbuka kisa cha Justin Ellsworth, askari wa Marekani aliyeuawa Iraq Novemba 2004. Familia yake ilihitaji amri ya mahakama ya Michigan mwaka 2005 ili Yahoo iwape barua zake, na walichopewa ni nakala za barua, si nywila.

Kuna wanaoniambia Google ina mpango wa kumwachia mtu akaunti yako, tangu 2013. Ni kweli, lakini muda mfupi kabisa wa ukimya unaoweza kuchagua ni miezi 3. Kwa picha za familia sawa. Kwa shule inayofunguliwa Jumatatu, hapana.

Siku hizi tuna kampuni yenye dhima ya kikomo, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, na tovuti, seva na namba ya malipo vyote viko kwa jina lake. Tarakimu za uthibitisho huja kwenye laini inayokaa ofisini. Shemeji ana hisa na ni mkurugenzi. Kila mwisho wa mwezi hunipigia simu kutoka Nyamira, na kabla hajauliza faida, huuliza kama bili ya seva imelipwa.