Majibu Njoo Wiki Ijayo

Ndugu msomaji, kama umewahi kukalia benchi la hospitali hapa Bongo, maneno "njoo wiki ijayo" unayajua vizuri. Mimi niliyasikia wiki tatu mfululizo, nikimsindikiza mama mdogo, mdogo wake maza, aliyenilea Mbagala kwa kuuza vitumbua.

Mama mdogo alikuwa amepimwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali moja mjini. Walimchukua ute kidogo, wakaupaka kwenye kioo, kioo kikaenda maabara. Kupimwa kwenyewe ni dakika chache tu. Shughuli ni majibu. Kioo hakijisomi. Lazima mtaalamu akae kwenye darubini akipekue chembe kwa chembe, na wataalamu hao nchini kwetu ni wachache. Vioo vinaingia kwa mkupuo, vinatoka kimoja kimoja. Siku zote nilidhani foleni ni yetu sisi wa benchi. Kumbe kuna nyingine huko ndani, ya vioo, na hiyo huwezi kumwambia mtu asogee.

Mara ya nne, karani akapekua daftari lake mbele nyuma, kisha akauliza, "Ulipima lini vile, mama?" Jina halikuwemo.

Kwenye daladala la Rangi Tatu, tumebanana kweli kweli, mama mdogo akasema, "Mwanangu, basi. Nauli yetu wawili ni kilo ya mchele. Ningekuwa naumwa si ningejua?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Asingejua. Ugonjwa huu huletwa na kirusi cha HPV, ukakaa kimya miaka mingi. Damu ikianza kutoka ovyo, mara nyingi umeshakomaa. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote, na wengi wanaofika Ocean Road, kando ya bahari, hufika wamechelewa. Huenda baadhi yao nao waliambiwa waje wiki ijayo, wakachoka.

Na tusijione ni sisi tu. Ayalandi, nchi yenye pesa zake, mwaka 2018 iliibuka kashfa ya majibu yaliyokosewa. Serikali ikaruhusu wanawake warudie kipimo bure. Vioo vikafurika maabara, majibu yakachukua miezi. Ahadi ilitolewa kwa siku moja, wasomaji wa vioo wakabaki wale wale.

Jirani ndiye aliyetudokeza habari ya kipimo cha siki, kwenye kituo cha afya huku huku Temeke. Mama mdogo akacheka, "Siki ya kachumbari?" Karibu hivyo. Nesi anapaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia. Penye kasoro panageuka peupe. Hakuna kioo, hakuna maabara.

Si kipimo kamili. Kinategemea jicho la nesi, na kwa mama aliyekwisha koma hedhi hakifai sana. Kipimo cha kirusi chenyewe ni bora zaidi, na Shirika la Afya Duniani linakipendelea, ila kinataka mashine, na penye mashine chache foleni inarudi pale pale.

Mimi nilingoja nje. Alipotoka alikuwa ameshika kanga kifuani. "Wameona kidoa cheupe," akasema. "Wamekigandisha kwa baridi, palepale. Nirudi kuangaliwa."

Usiku, akiloweka mchele wa vitumbua, alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Sasa kile kioo changu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nakifikiria, kimelala mahali na jina lake, pengine na kidoa kile kile, kikingoja wa kukisoma. Wewe msomaji, muulize maza wako kama amepima. Akisema ndiyo, usiishie hapo. Muulize kama alipewa majibu.